Gari la steji, tuktuk ya kuitwa au mkataba wa mwezi: lipi linalipa Kisumu na Nakuru?

Aliye na pesa za kuingiza gari barabarani Kisumu au Nakuru huvutwa pande mbili. Wazee wa sacco (ushirika wa wenye matatu) humwambia atie gari steji, lijae, liondoke. Vijana wa simu humwambia steji imepitwa na wakati, kwamba mteja wa leo anataka gari limfuate mlangoni. Kila upande una hesabu zake, ila ni nadra hesabu hizo kuandikwa kwenye karatasi moja.

Tunalinganisha njia nne: matatu ya abiria 14 inayosubiri kujaa, probox (gari dogo la Toyota) ya barabara za mashambani, gari la kuitwa kwa simu (la mteja mmoja au la kuchanganya wateja), na gari lenye mkataba wa mwezi. Bei zote zilizo hapa chini ni za mfano. Zifute uweke zako, maana petroli ikipanda shilingi 10 tu majibu kadhaa yanabadilika.

Anza na gharama ya saa moja

Makosa mengi huanzia kwenye kuhesabu faida kwa safari. Dereva hulipwa kwa siku, bima kwa mwezi au mwaka, mkopo kwa mwezi. Vyote hivyo vinakula hata gari likiwa limezimwa chini ya mti. Kwa hiyo kigawe kila kitu kwa saa za kazi, halafu uongeze mafuta kwa kilomita.

| Shilingi kwa siku | Hiace ya abiria 14 | Tuktuk ya abiria 3 |
|---|---|---|
| Dereva | 1,200 | 800 |
| Makanga | 800 | – |
| Sacco na steji | 500 | 200 |
| Bima na leseni | 500 | 150 |
| Akiba ya matairi, oili, breki | 1,000 | 250 |
| Kuosha | 200 | – |
| Kurudisha mtaji | 2,000 | 700 |
| Jumla | 6,200 | 2,100 |
| Saa za kazi | 14 | 12 |
| Gharama ya saa, gari likisimama | 443 | 175 |
| Petroli kwa kilomita | 20 | 7 |
| Gharama ya saa, likitembea kilomita 15 | 743 | 280 |

Mstari wa akiba ya matairi ndio unaorukwa zaidi. Mwenye gari huona pesa zinaingia miezi minne, anazila, kisha klachi na matairi mawili ya nyuma vinakuja wiki moja. Gari linasimama, na sacco bado inadai ada yake.

Gari la steji: kungoja kunalipwa na abiria

Chukua njia ya mjini ya kilomita 7 na nusu. Asubuhi, gari linatoka na abiria 14, na linaporudi linaokota 8 njiani. Wakilipa sh 50 kila mmoja, hao 22 wanaleta sh 1,100. Mzunguko mzima, pamoja na kujaza, unachukua saa moja hivi. Ukiondoa 743 unabaki na 357. Hapo steji haina mpinzani.

Sasa tazama saa nne asubuhi. Abiria wanafika steji mmoja kila baada ya dakika tatu. Viti 14 vinachukua dakika 42 kujaa, na aliyeingia wa kwanza amekaa dakika 39 akitazama mgongo wa kiti. Saa za msongamano, mtu akifika kila sekunde 20, gari hilohilo linajaa chini ya dakika tano. Ndiyo maana ya steji: watu wakiongezeka, kila mmoja anangoja muda mfupi zaidi. Huduma inakuwa bora bila mwenye gari kuongeza hata senti.

Tatizo la mwenye gari mchana ni foleni. Kukiwa na magari matano mbele yako, na kila moja linachukua dakika 42, utasimama saa tatu na nusu kabla ya zamu. Kwa sh 443 kwa saa, umepoteza zaidi ya sh 1,500 bila kuwasha injini. Hapo ndipo zinapozaliwa mbinu tunazozijua: vijana wa steji kukaa ndani wajifanye abiria ili gari lionekane limebakiza viti viwili, au dereva kutoka na abiria wanane akitumaini kuokota njiani. Mbinu ya kwanza inafukuza wateja. Abiria akishawaona "wenzake" watatu wakishuka injini inapowashwa, kesho anachukua bodaboda. Ya pili inafaa tu ikiwa gari lililotangulia limeondoka angalau dakika kumi kabla. Chini ya hapo, wa njiani wameshaokotwa.

Kwa gari jipya, uliza sacco swali moja kabla ya kujiunga: mchana, kuanzia saa nne hadi saa tisa, gari moja hupata zamu ngapi? Jibu hilo lina uzito kuliko ada ya kujiunga.

Probox: gari dogo hujaa upesi

Barabara za Bondo, Siaya, Luanda, Mumias na Kisii zimejaa probox, na sababu yake ni hesabu tupu. Barabara ya kilomita 25, nauli sh 150, abiria mmoja kila dakika tatu: probox yenye viti vinne vya abiria inajaa kwa dakika 12. Hiace inahitaji 42.

Kwenye karatasi Hiace inashinda. Ikijaa kwenda na kurudi, inaleta sh 4,200 kwa mzunguko wa saa mbili na dakika 44, na gharama ni kama sh 2,200. Probox inaleta sh 1,200 kwa mzunguko wa dakika 94. Ukiweka gharama yake ya kusimama kuwa sh 238 kwa saa na petroli sh 12 kwa kilomita, matumizi ni sh 970 hivi. Inabaki na 230 tu. Lakini ziegeshe zote mbili steji moja uone abiria anakwenda wapi. Anakwenda kwenye gari lililobakiza kiti kimoja. Probox inaondoka mara tatu kabla Hiace haijajaa, na kila inapoondoka inachukua watu wanne ambao wangejaza Hiace.

Faida hiyo ndogo ya 230 ndiyo inayomsukuma dereva kuongeza wa tano mbele na wawili buti. Watatu hao wa ziada kila upande wanaleta sh 900 kwa mzunguko. Ila bima inahesabu viti vilivyoandikwa. Ajali ikitokea na abiria saba ndani, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa, na mwenye gari ndiye anayeshtakiwa. Springi za nyuma na bushi pia huisha mapema. Kama njia yako hailipi kwa abiria wanne, pandisha nauli au uiache.

Gari la kuitwa: mahali hesabu inapobana

Kuna aina mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni tuktuk inayoitwa na mteja mmoja. Kwa gharama ya sh 280 kwa saa na nauli ya sh 100, safari tatu kwa saa zinakuachia sh 20. Zikipitia apu, kumbuka kamisheni: kanuni za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, za mwaka 2022 zinaizuia isizidi asilimia 18 ya nauli. Asilimia 18 ya 300 ni 54, kwa hiyo unabaki na 246, na umeshaingia hasara. Unahitaji safari nne kwa saa, na nne kwa saa ni nyingi. Safari moja ina dakika tano za kumfuata mteja, mbili za kumngoja, nane za kumpeleka: hizo ni 15 tayari, na umejifanya kila simu inaingia mara tu mteja anaposhuka.

Kinachoua ni kilomita tupu. Ukiwa Kisumu, ukimtoa mteja Dunga umpeleke mjini, halafu simu inayofuata itoke Mamboleo, petroli ya kuvuka mji mzima inatoka mfukoni mwako. Dereva wa tuktuk mwenye akili huchagua mtaa mmoja, tuseme Milimani au Nyalenda, na anakataa simu za mbali hata zikiwa na nauli nzuri. Akiwa na wateja 40 wanaomjua ndani ya kilomita mbili, apu haina la kumwongezea.

Aina ya pili ndiyo inayosifiwa zaidi: gari la abiria 14 linalopokea maombi kwa simu, linawapitia wateja mmoja mmoja malangoni, kisha linawapeleka mjini pamoja. Fanya hesabu yake. Kutoka barabara kuu, kuingia mita 600 za murram na kurudi ni kilomita 1.2, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa ni dakika tano. Ongeza mbili za kupiga honi na kungoja. Dakika saba kwa mteja. Njia ya kilomita 7 na nusu yenyewe inachukua dakika 22 au 23, kwa hiyo ndani ya saa moja unaweza kuwapitia watu watano. Gharama ni sh 743, na kila mmoja angelipa karibu sh 150 ndipo usipate hasara, kabla ya kuhesabu kurudi na gari tupu.

Usidhani wateja wakiwa wengi mambo yatanyooka. Kwenye steji, mteja wa kumi humfaa wa kwanza, kwa kuwa gari linaondoka mapema. Hapa, mteja wa kumi anamchelewesha wa kwanza dakika saba nyingine. Ukipata maombi 20 kwa saa unahitaji magari manne, madereva wanne, bima nne. Gharama ya kila kichwa haishuki.

Hili limejaribiwa na wenye fedha kutuzidi. Helsinki waliendesha Kutsuplus, basi dogo la kuitwa kwa simu lenye magari 15, kuanzia 2012. Programu ilifanya kazi vizuri na wateja waliipenda, lakini kila safari ilihitaji ruzuku, kuipanua kungetaka fedha zaidi, na mji ukaifunga mwisho wa 2015. Kansas City, Marekani, waliingia ubia na kampuni ya Bridj mwaka 2016; mwaka mzima wa majaribio ulipata safari 1,480 tu. Karibu nasi, kampuni ya Swvl ilianza Nairobi mwaka 2019 kwa njia maalumu zenye kukata kiti kwa simu, na ikasitisha safari za mjini mwaka 2022. Hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa sababu ya simu. Tunavyoona, walishindwa na idadi ya watu ndani ya gari kwa saa.

Na hapa magharibi kuna dari ya bei ambayo Helsinki haikuwa nayo. Bodaboda ilianzia mpakani Busia, kwa baiskeli, kabla pikipiki hazijaenea, na imeshamzoesha mteja kufuatwa mlangoni. Mtu wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, anayefika mjini kwa sh 50 au 70 juu ya pikipiki hatalipa 150 akalie kiti huku gari likizunguka kumtafuta jirani.

Kwa hiyo gari la kuitwa linauza vitu ambavyo bodaboda haiwezi kuvibeba vizuri: mvua, usiku, mgonjwa, watoto watatu, na gunia. Jumapili alasiri ya soko la Kibuye, mama mwenye magunia mawili ya mboga hana mjadala mrefu kuhusu sh 200. Saa nne usiku, muuguzi anayetoka zamu hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile wengi wanaiita Russia, anatafuta dereva anayemjua kwa jina kuliko gari la bei rahisi. Weka bei zako kwa saa hizo, na mchana rudi steji.

Jambo dogo linalopoteza dakika nyingi ni kutafutana. Mitaa yetu mingi haina namba za nyumba, na alama ya ramani ya simu inaweza kukuangusha upande wa pili wa mtaro. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, niko hapa kwa posho mill."
"Posho mill gani, kijana wangu? Ile ya kijani ama ile ya karibu na kanisa?"

Dakika nne zimekwenda. Dawa yake ni kuwa na orodha ya vituo 20 hadi 30 vya kukutania, vyote kando ya barabara gari linakoweza kugeuka: lango la shule, duka la dawa, kituo cha mafuta. Kipe kila kimoja jina moja tu, na mteja atembee mita 100 au 200. Ukimtoa mteja hadi barabarani, zile dakika saba zinashuka hadi mbili, na watu watano kwa saa wanakuwa kumi na zaidi. Wakiwa kumi, sh 743 inagawanyika kuwa 75 kwa kichwa, na hapo gari la kuchanganya wateja linaanza kueleweka. Bila shaka umegundua kwamba limeshaanza kufanana na matatu.

Kuhusu wanaoita halafu hawatokei: chukua sh 50 ya awali kwa M-Pesa, kutuma hadi sh 100 hakukatwi ada, na uikate kwenye nauli. Ngoja dakika tatu, piga simu mara moja, ondoka. Mteja asiyetokea mara mbili hapokewi tena bila kulipa nauli yote kwanza.

Mkataba wa mwezi

Shule, kiwanda, hospitali, shamba la maua upande wa Naivasha: mwenye watu wanaotoka mahali pamoja kwa saa ileile ndiye mteja bora wa gari, kwa kuwa anakuondolea kubahatisha. Bei yake hupangwa hivi. Saa mbili za kazi kwa siku ni sh 1,486. Kilomita 15 tupu za kulifikisha gari na kulirudisha ni 300. Ongeza faida ya asilimia 20, inakuwa sh 2,143. Kwa siku 26 ni kama sh 56,000, yaani sh 4,000 kwa kila mmoja wa watu 14, au sh 77 kwa safari.

Inaonekana tamu, ila angalia saa. Kama wafanyakazi hao wanaingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, umewauzia saa mbili ambazo steji ingekulipa sh 1,100 kila moja, na umebaki na mchana wa foleni. Mkataba wa aina hiyo utoze zaidi ya 2,200 kwa siku, la sivyo unawafadhili. Mkataba wa zamu ya usiku au wa saa nane mchana ndio wenye faida, kwa sababu gari lingekuwa limesimama.

Andika kwenye mkataba mambo matatu: petroli ikipita bei fulani nauli inabadilika, malipo yanafanywa kabla ya tarehe 5, si baada ya mwezi kwisha, na gari likiharibika utaleta jingine ndani ya dakika ngapi. Hilo la mwisho linakulazimu kuelewana na mwenye gari mwingine mapema. Taasisi zinazolipa baada ya siku 60 zimeua magari mengi kuliko mashimo ya barabara.

Leseni kabla ya gari

Matatu haiwezi kufanya kazi nje ya sacco au kampuni iliyosajiliwa. Kanuni za 2014 zinataka chombo hicho kiwe na magari yasiyopungua 30. Leseni ya barabara inataja njia. Gari la njia moja likionekana limekengeuka kwenda kuwaokota watu wa kupiga simu, dereva anakamatwa hata kama kila abiria ameridhika. Ukitaka kufanya kazi ya mkataba au ya kuitwa, omba aina ya leseni inayoiruhusu. Mwaka 2019 NTSA iliziandama huduma za mabasi ya apu Nairobi kwa kubeba abiria wa kila siku kwa leseni za utalii. Na bima ifuate leseni: gari lenye bima ya kukodishwa likibeba abiria wa nauli, fomu ya madai haitapita.

Kuchagua kwa kuhesabu watu

Kabla ya kununua chochote, mtu mmoja akae steji unayoitaka na daftari, siku ya kazi ya kawaida (Jumanne au Jumatano) na siku ya soko. Aandike kila robo saa wangapi wamepanda, aina yoyote ya gari, pamoja na bodaboda. Aanze saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku.

Robo saa zenye watu 14 au zaidi kwa upande mmoja ni za Hiace. Zikiwa nusu ya siku au zaidi, nunua Hiace uingie sacco. Nakuru, barabara za Kiamunyi, Free Area na Pipeline zihesabiwe asubuhi na jioni kando, maana gari linalokwenda mjini limejaa hurudi likiwa tupu. Robo saa zikiwa na watu wanne hadi kumi, gari dogo la kujaza ndilo lake: probox mashambani, tuktuk ya pamoja mjini. Chini ya wanne, usiweke gari lolote la kungoja. Hapo ni tuktuk ya simu, nauli isiyopungua sh 100, mtaa mmoja, na dereva ambaye namba yake imeandikwa ukutani kwenye duka la dawa na kwenye lango la shule.